Boliti moja ya oltaneta, siku mbili chini ya mwembe

Juzi nimemkuta jamaa hapa Mwanga, Kigoma, kalala chini ya gari yake pembeni ya barabara, kashika spana kwa mikono miwili, mguu mmoja kauweka kwenye tairi ili apate pa kujizuia, anavuta mpaka mishipa ya shingo imetoka. Nikajiona mimi kabisa wa mwaka jana. Nikainama nikamwambia kaka subiri kwanza usivute, akaniangalia kama nimekuja kumroga. Nikamwelezea hiki ninachokiandika hapa, ila yeye nilimfupishia maana jua lilikuwa kali.

Gari yangu ni Corolla 110, ile yenye injini ya 5A, cc 1500. Kwa wasioijua, kwenye hii injini mkanda wa oltaneta, ile mashine inayochaji betri, ndo huo huo unaozungusha wota pampu, kwahiyo ukilegea sana au ukikatika shida sio taa ya betri peke yake, maji nayo hayazunguki, ukijifanya unasogea hivyo hivyo hadi mbele kidogo unaunguza gasketi ya hedi na hapo ndo utajua bei ya vitu. Mkanda wangu ulikuwa mpya, una miezi michache tu, ila mikanda mipya inanyooka ikishaanza kazi na fundi aliyenifungia hakuniambia nirudi akaukaze tena. Ukaanza kulia. Asubuhi nikiwasha tu, swiiiiii, mtaa mzima unajua nimeamka. Ikinyesha mvua ndo usiseme, nikiwasha taa na feni kwa pamoja kelele zinaongezeka maana oltaneta inakuwa nzito. Jirani yangu mama mmoja anauza samaki, migebuka, akawa ananitania, baba fulani hiyo gari yako ina mtoto mchanga humo ndani?

Nilivumilia wiki kama tatu hivi. Kilichoniamsha ni shangazi, alikuja kutibiwa macho na Jumatatu nilitakiwa nimrudishe Kasulu. Shangazi yangu ni mtu wa maneno, nikajua nikimpakia na zile kelele ukoo mzima utapata taarifa kabla hatujafika Mwandiga. Jumamosi saa nne asubuhi nikafungua boneti, nikajisemea hii kazi ya dakika kumi.

Na kweli kwa kuisimulia ni kazi ya dakika kumi. Oltaneta imeshikwa sehemu mbili. Chini kuna boliti ndefu ambayo yenyewe inazungukia hapo, kama bawaba ya mlango. Juu kuna boliti ya kufunga, ya kwangu kichwa namba 12, inaibana oltaneta kwenye lile bati lenye mfereji. Halafu kuna boliti ya tatu, nyembamba ndefu, hiyo ndo ya kuvutia mkanda. Unalegeza ya chini, unalegeza ya kufunga, unazungusha ile nyembamba mkanda unakaza, unafunga zote, unanawa mikono unakunywa chai.

Boliti ya kufunga ikagoma.

Sasa nieleze makosa kwa jinsi yalivyofuatana, maana yalikuja kwa foleni kabisa.

Kwanza spana. Nilikuwa na spana ya mdomo wazi ya 12, ya zamani, mdomo umeshapanuka. Hiyo inashika kichwa cha boliti pande mbili tu kati ya sita. Kwenye boliti inayofunguka vizuri hamna shida, ila kwenye iliyoganda ukiweka nguvu inapanda juu ya kona inateleza, na kila ikiteleza inakula kona kidogo. Iliteleza mara ya kwanza mkono ukaenda kugonga mapezi ya rejeta, vidole vitatu vikachunika. Mara ya pili ikateleza nikasikia mbwiii, cheche imeruka, kumbe mkia wa spana umegusa ile nati ya nyuma ya oltaneta inayoshika waya mnene wa betri, na upande wa pili spana imegusa chuma. Ule waya una moto muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni. Mpaka leo hiyo spana ina kishimo kidogo pale ilipoungua. Nilikaa chini ya mwembe nikanywa maji nikajifanya nimepumzika tu, kumbe mapigo ya moyo yalikuwa juu.

Pili ushauri. Ukifungua boneti Kigoma huwi peke yako zaidi ya robo saa. Akaja dogo wa bodaboda akasema bro tafuta bomba uchomeke kwenye spana upate urefu. Akaja mwingine akasema mwaga mafuta ya taa. Yule mama wa migebuka akaleta mawese kwenye kikombe, akasema mume wake hufungulia bawaba za mlango kwa mawese. Nikapaka, aisee sikutaka kumuudhi. Mawese ni mafuta mazuri kwenye maharage, ila mazito, hayapenyi kwenye uzi wa boliti, yanakaa juu yanashika vumbi tu. Mafuta ya taa yanapenya, sema nilimwaga nikasubiri muda wa kuvuta pumzi nikaanza tena kuvuta. Kutu iliyoganda haitoki kwa muda huo.

Tatu, na hii ndo naionea aibu mpaka sasa. Kwa juu mkono ulikuwa haupati nafasi nikaamua kuingia chini. Nimelala chali, boliti naifikia kwa nyuma, kichwa chake kimeangalia kule mi niko huku, na mimi kichwani nimekariri kushoto fungua kulia funga. Nikachomeka bomba nikavuta kushoto. Kushoto kwangu mimi niliyelala nyuma yake, ambako kwa boliti ni kulia. Yaani kwa dakika kama ishirini hivi, kwa bomba la karibu mita moja, nilikuwa naikaza. Na ilisogea kidogo kweli! Nikapiga kelele ya furaha, imeachia, dogo wa bodaboda akapiga makofi. Tulikuwa tunashangilia msiba.

Nilipogundua nilitoka nikakaa tu. Kichwa cha boliti kona mbili zimeshakuwa duara, mkono una damu, mawese yamechanganyika na mafuta ya taa yananuka, shangazi ametoa kiti amekaa kibarazani anachambua mboga ananiangalia. Akauliza, mwanangu, kwani hakuna mafundi mji huu?

Wapo. Wa kwanza niliyemfuata alikuwa kijana, akaangalia akasema tukate na tindo au tupige moto wa gesi. Nikamuuliza moto hapo karibu na mpira wa rejeta na nyaya za oltaneta na mafuta ya taa niliyomwaga? Akasema tutaangalia angalia. Nikamshukuru nikampa hela ya soda. Sisemi moto haufanyi kazi, unafanya sana na nitaeleza, ila mtu akishakwambia tutaangalia angalia kwenye habari ya moto, muage.

Jioni ndo dogo wa bodaboda akanipeleka Gungu kwa mzee mmoja aliyefanya kazi reli miaka mingi, karakana, mambo ya mabogi na injini za treni. Shikamoo mzee, marahaba, nikamweleza. Hakuuliza gari gani. Aliuliza, betri umetoa waya? Nikanyamaza. Akasema haya, twende, unitafutie na chai.

Alipofika akakaa muda mrefu anaangalia tu bila kushika kitu. Akafuta yale mawese kwa kitambaa, akacheka kidogo, akachomoa waya wa hasi wa betri akausogeza pembeni. Akachukua brashi ya waya akasugua pale boliti inapoingilia mpaka chuma kikaonekana. Pale pembeni ya kichwa kulikuwa na kitu cheupe kama unga. Akanionyesha kwa kucha, akasema unaona huu sio kutu nyekundu, hii ni aluminiamu inaoza. Boliti ni chuma, bodi ya oltaneta ni aluminiamu, hivyo vitu viwili vikikaa pamoja halafu vikapata maji yenye chumvi vinakulana, ule unga mweupe unavimba kwenye uzi unaibana boliti kama simenti. Akaniuliza gari hii ilikuwa ya nani. Nikamwambia nilinunua kwa mtu aliyekuwa anapiga ruti ya Uvinza, kwenye buti mpaka leo ukifunua kapeti unakuta punje za chumvi. Mzee akatikisa kichwa kana kwamba amepata jibu la mtihani. Mi binafsi nadhani tatizo kubwa ni kuosha injini, maana huyo jamaa alikuwa anapenda injini ing'ae, kila wiki maji ya presha na sabuni, na chumvi kwenye buti sioni inafikaje kwenye oltaneta. Mzee hakukubali, na sikubishana naye, alikuwa kwenye chai yangu na mimi kwenye boliti yake.

Halafu akafanya kitu ambacho sikutegemea. Akachukua nyundo na kipande cha nondo fupi, akaweka nondo katikati ya kichwa cha boliti akaanza kugonga. Sio kwa hasira, ko, ko, ko, kama anayebisha hodi kwa mkwe. Akagonga kama mara thelathini. Akasema kila pigo linautikisa uzi, ule unga unapasuka pasuka, unatengeneza njia. Ndo akaweka mafuta, ya kopo la kupulizia, WD-40 aliyonituma, akapuliza nyuma na mbele kule uzi unapotokezea. Nikashika soketi. Akaniambia weka chini. Rudisha waya wa betri, washa gari.

Ikanguruma, mkanda ukalia, tukaiacha mpaka injini ikapata joto lake la kawaida, tukazima. Akatoa waya tena, akapuliza mafuta tena wakati ya moto, sio ya kuunguza ila ya moto. Sababu yake ni kwamba aluminiamu ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwahiyo tundu linalegea kidogo kwenye boliti, na wakati inapoa mafuta yananyonywa kuingia ndani. Hiyo ndo kazi ya moto, unapasha kile kilichoishika boliti, haupashi boliti. Ukiipasha boliti peke yake inanenepa ndani ya tundu unazidi kujifungia. Na hapo hakuna mwali wa moto popote karibu na mafuta ya kupulizia, joto la injini linatosha kwa kazi kama ile.

Nikasema sasa tufungue. Akasema kesho.

Kesho? Mzee Jumatatu nina safari. Akasema ndo maana nasema kesho, maana ukifungua leo Jumatatu utasafiri na treni. Tukabaki tunakunywa chai na ndo akanipa ile habari ya Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ambayo kila mtoto wa Kigoma anaijua nusu. Kwamba Wajerumani walipoona vita imewashinda mwaka 1916 waliizamisha ile meli wenyewe ili adui asiipate, wakati huo inaitwa Graf von Götzen, ila mafundi wao kabla ya kuizamisha waliipaka injini grisi nzito kila mahali. Ikakaa majini. Waingereza wakaja kuitoa 1924, wakakuta mashine bado nzima, mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Mzee akasema miaka minane chini ya ziwa, boliti zikafunguka, wewe yako imekaa juu ya ardhi imegoma, kwasababu aliyeifunga mwisho hakuona umuhimu wa grisi ya kujaza kizibo cha soda. Akainuka akaondoka. Usiku nilitoka mara mbili na tochi kwenda kupuliza mafuta, mke wangu akadhani nimechanganyikiwa.

Jumapili mzee alikuja baada ya misa ya kwanza. Akatoa mfukoni soketi yake ya 12, ya kona sita. Akanipa niiangalie ndani, akaniambia zile za kona kumi na mbili ni rahisi kuingiza ila zinashika ncha ya kona, hii inashika ubavu. Kwasababu kona mbili nilishazila, akaigonga kwa nyundo mpaka ikaingia kwa kubana kabisa. Akanipa mpini, akasema fungua wewe.

Nikakumbuka ile aibu ya jana nikamuuliza mzee nivute upande gani. Hakunicheka. Akachukua chupa ya maji yenye kifuniko, akailaza mdomo ukiangalia kule kule kinakoangalia kichwa cha boliti, akasema shika kifuniko ufungue. Mkono wangu ukazunguka. Akasema ndo upande huo huo. Huu ujanja ninao mpaka leo, nikiingia chini ya gari naingia na chupa.

Na akasema anza kwa kukaza. Kidogo tu, kama nywele, ili uvunje ile kushikana, ndo urudi. Nikakaza, hamna kitu. Nikarudisha, hamna. Nikakaza, nikarudisha, nguvu ya kawaida bila bomba. Mara ya nne au ya tano ikatoa mlio, krriii, mkavu, kama mlango wa stoo. Mzee akainua kidole, simama. Mafuta. Robo mzunguko mbele, nusu ya hiyo nyuma. Ikizidi kuwa ngumu rudi ulikotoka, usilazimishe, ule unga unajikusanya mbele ya uzi. Ilichukua karibu nusu saa boliti ya sentimita chache kutoka, na ilipotoka ilikuwa na mafuta ya kahawia na vipande vyeupe kama ugali mkavu kwenye uzi. Niliishika mkononi ya moto. Shangazi akaja kuiangalia, akasema haka?

Sasa hapa ningekuwa mtu mwenye akili hadithi ingeisha. Mzee alienda kunawa mikono. Mimi kwa furaha nikashika ile boliti nyembamba ya kuvutia mkanda nikaanza kuzungusha, maana ya kufunga si imetoka? Nikasahau ile ya chini, ile bawaba, bado imefungwa kwa nguvu zote, oltaneta haiwezi kusogea hata ufanyeje. Nilisikia ugumu nikasema ni kutu. Nikaongeza. Na hapa niseme kitu ambacho mkono wangu unakikumbuka vizuri kuliko kichwa. Boliti inayofunguka ina mlio, inang'ang'ana, inaachia kwa kishindo kidogo. Boliti inayokufa haisemi. Spana inaanza kwenda taratibu, laini, kama unakorogea uji, unafikiri mambo yamekubali, kumbe chuma kinanyooka. Ikaenda hivyo laini kama robo, halafu tak, nikabaki na kichwa kwenye spana.

Mzee akarudi anajifuta mikono na shati. Akaangalia spana, akaniangalia mimi. Akasema ya chini ulilegeza? Nikasema hapana mzee. Akakaa.

Namshukuru Mungu ilikatikia juu, kipande kilichobaki kilikuwa kimetokeza kiasi cha kushikwa na plaizi ya kubana, kikatoka chenyewe kwa kuzungushwa pole pole. Ingekatikia ndani tungeongelea drili na tepu ya kuchonga uzi upya na shangazi angekula sikukuu kwangu. Nikakimbia kwa bodaboda kwenda kwa jamaa wa spea za kukatwa, nikapata boliti ya oltaneta ya gari ya aina hiyo hiyo kwa 3,000, na ya kufunga nikanunua mpya maana ile ya zamani kichwa kilishakuwa kama pipi. Ya chini ilifunguka kwa kubembelezwa kidogo tu, hata mafuta haikuhitaji sana, inaudhi kweli.

Kabla ya kufunga mzee alisugua uzi wote kwa brashi, akapaka grisi nyembamba kwenye kila boliti, akasema sio ya kuogea, ni ya kuonekana tu. Nikavuta mkanda. Nikataka ukaze kabisa usije ukalia tena maishani, akanizuia mkono. Akabonyeza kwa dole gumba pale mkanda unapopita mrefu bila puli, ukaenda chini kama sentimita moja. Hapo hapo, akasema, ukikaza kama gitaa kelele zitaisha ila beringi ya wota pampu na ya oltaneta zitaanza kulia zenyewe, na hizo hazikazwi na spana. Tukafunga, ya kufunga kwanza, ya chini mwisho, tukarudisha betri. Nikawasha. Kimya. Yule mama wa migebuka alitoka nje kuangalia kama nimewasha kweli.

Mzee alichukua 10,000 na dumu la nusu lita la mawese, alisema hayo ndo mafuta aliyokuwa anayataka tangu jana.

Jumatatu tulitoka saa kumi na mbili asubuhi. Shangazi alisinzia kabla ya Mwandiga, Kasulu tulifika hajasema neno kuhusu gari, ila alimsimulia kila mtu kuhusu kile kiboliti, anaonyesha urefu wake kwa kidole, na kila akisimulia kinapungua. Baada ya wiki mbili nikafungua boneti tena kuangalia mkanda kama mzee alivyoagiza, ulikuwa umelegea kidogo, nikalegeza ya chini, nikaweka soketi kwenye ile ya kufunga, nikajipanga miguu, nikavuta pumzi, nikavuta. Ikafunguka kwa mkono mmoja mpaka nikapepesuka, na dogo wa bodaboda aliyekuwa amesimama getini akacheka mpaka akakaa kwenye pikipiki.